Ree yenye mwenza dhaifu unapotangulia kusema: mwongozo kwa wanaoanza mashindano ya poka

Swali ninaloulizwa kuliko yote, jioni tunapokunja mkeka wetu hapa Ngamiani, ni hili: "Mjomba, nilikuwa na ree mkononi, ningeitupaje?" Anayeuliza huwa ameshapoteza chipu zake zote, na mara nyingi ree hiyo, yaani karata ya A, ilikuwa na tatu, sita au saba pembeni yake, naye alikuwa amekaa kwenye kiti cha kutangulia kusema. Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno, kwa hiyo nimeona niliandike kwa mpangilio, ili anayeanza alisome kabla ya kukaa mkekani na si baada ya kunyanyuka.

Kosa lenyewe lina asili yake. Wengi wetu mjini Tanga tulijifunza karata barazani kwa wahedi-wa-sitini, ambamo ree ina pointi 11, saba ina 10, mzungu wa nne ana 4, mzungu wa tatu ana 3 na mzungu wa pili ana 2. Jumla ya pointi zote ni 120, na anayefikisha 61 ndiye mshindi. Aliyelelewa na mchezo huo akishika ree na saba anaona pointi 21 mkononi, yaani theluthi nzima ya safari, na moyo wake unaruka kabla hata hajamtazama aliyekaa mbele yake. Katika poka ree na saba ni mkono wa mashaka. Ree haina pointi zake yenyewe. Inapimwa kwa karata iliyo nayo na kwa kiti ulichokalia, na mtu asipoyaondoa kichwani mahesabu ya barazani, ree hiyo ndiyo itakayomtoa mashindanoni.

Mwongozo huu unahusu poka ya Texas Hold'em ya mashindano, ambapo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri na watu wote hushirikiana karata tano za wazi. Ninaposema ree dhaifu nakusudia ree iliyo na karata kuanzia mbili hadi tisa.

Mahitaji kabla ya kuanza

Andaa pakiti moja ya karata 52, bila jokari. Andaa chipu, sisi tunatumia vizibo vya soda tulivyovipaka rangi tatu, vya 100, vya 500 na vya 1,000, na havijawahi kutuangusha. Tafuta alama ya mgawaji inayoonekana hata taa ikiwa hafifu, kwa kuwa mwongozo wote huu unategemea kujua alama hiyo iko mbele ya nani. Yetu ni kifuu cha nazi. Weka saa ya kukumbusha muda wa kupandisha blaindi (chipu za lazima, nazieleza hapa chini), na daftari dogo la kuandika mikono iliyokuumiza.

Fedha haimo katika orodha hii kwa makusudi. Mkekani kwetu hakuna anayeweka hata shilingi, na wapo waliojiunga kwa sharti hilo tu, kwa sababu ya dini yao au ya mifuko yao. Mwenye nia ya kucheza kwa fedha na ajue kwamba Tanzania inayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 na Bodi inayoisimamia, na kwamba aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi.

Maneno tutakayotumia

Karata iliyo pamoja na ree yako tutaiita mwenza. Wachezaji wengine huiita kika. Chipu zilizokusanyika katikati ni kapu. Blaindi ni chipu za lazima ambazo watu wawili waliokaa kushoto kwa mgawaji huziweka kabla ya kuona karata, wa kwanza blaindi ndogo na wa pili blaindi kubwa. Anti ni chipu nyingine ya lazima, ambayo katika mashindano mengi ya siku hizi hulipwa na aliye kwenye blaindi kubwa kwa niaba ya meza nzima. Kupisha ni kukaa bila kuweka kitu, kufuata ni kulipa kiasi alichoweka mwenzako, kupandisha ni kuongeza juu yake, na kusukuma ni kuingiza chipu zako zote. Flopu ni karata tatu za kwanza za wazi, kisha huja karata ya nne na karata ya tano.

Kutangulia kusema ni kulazimika kuamua kabla ya mpinzani wako. Aliyecheza wahedi-wa-sitini analijua jambo hili bila kufundishwa: anayetupa karata wa nne ameshaziona tatu za wenzake, na anayefungua anatupa gizani. Katika poka giza hilo hukuandama raundi zote baada ya flopu, kwa sababu wa kwanza kushoto kwa mgawaji aliyebaki mchezoni ndiye atakayetangulia kila mara.

Hatua za kufuata

1. Hesabu chipu zako kwa blaindi kabla ya kutazama karata. Gawanya ulicho nacho kwa blaindi kubwa. Mwenye chipu 12,000 wakati blaindi kubwa ni 1,000 ana blaindi 12, na uamuzi wake ni tofauti kabisa na wa mwenye blaindi 50, hata kama wote wawili wameshika karata zilezile. Fanya hesabu hiyo kabla, kwa sababu ukishaiona ree akili huacha kuhesabu na kuanza kutumaini.

2. Hesabu watu ambao hawajasema. Ukishika ree moja, zimebaki tatu katika karata 50 usizoziona. Katika meza ya watu 9, uwezekano kwamba angalau mmoja wa wale wanane ana ree nyingine ni takriban asilimia 70. Katika meza ya watu 6 ni takriban nusu kwa nusu. Akibaki mpinzani mmoja tu, unashuka hadi karibu asilimia 12. Takwimu hizi tatu ndizo nadharia kubwa kuliko zote utakayohitaji hapa, na zinaeleza kwa nini ree na tano ni takataka kwenye kiti cha kwanza cha meza iliyojaa, na ni mkono wa heshima wakati wote wameshatupa na umebaki wewe na blaindi kubwa.

3. Ukiwa kwenye viti vya mwanzo, tupa. Kama meza imejaa na wewe ni wa kwanza au wa pili kusema kabla ya flopu, tupa ree dhaifu ambazo karata zake mbili si za aina moja, zote, kuanzia ree na mbili hadi ree na tisa. Zikiwa za aina moja, yaani kopa na kopa au shupaza na shupaza, na una blaindi za kutosha, unaweza kuchagua chache za kuingia nazo, hasa ree na tano, ambayo inaweza kutengeneza mfuatano ikikutana na mbili, tatu na nne, na pia karata tano za aina moja ambazo hakuna wa kuzizidi kwa ukubwa. Anayeanza asiposhika uchaguzi huo na kutupa zote hatapoteza kitu kikubwa.

Tahadhari: usifuate blaindi tu "kuona flopu kwa bei nafuu" ukiwa viti vya mwanzo. Nyuma yako kuna watu saba au wanane wenye haki ya kupandisha, na ile bei nafuu haitadumu.

4. Ukiwa blaindi ndogo, epuka kufuata. Kiti hiki ndicho kibaya kuliko vyote, kwa kuwa baada ya flopu utatangulia kusema mbele ya kila mtu. Wote wakishatupa hadi kukufikia na una blaindi 10 au pungufu, sukuma ree yoyote ile, hata ree na mbili, kwa sababu mpinzani ni mmoja na mara nyingi hatakuwa na karata ya kukulipa. Ukiwa na blaindi nyingi zaidi, pandisha kwa kiasi cha kawaida na uwe tayari kuacha akikujibu kwa nguvu.

Kama kuna aliyekwisha kupandisha kabla yako, jiulize amekaa wapi. Akiwa viti vya mwanzo, tupa bila kusita. Akiwa mgawaji au jirani yake, naye ni mtu wa kupandisha kila mara, na wewe una blaindi kama 8 hadi 12, kusukuma ree na nane, ree na tisa au ree ndogo ya aina moja ni uamuzi unaoweza kutetewa. Ree unayoishika inakusaidia hapo kwa namna isiyoonekana: ree mbili mkononi mwa mpinzani zingeweza kupatikana kwa njia 6, sasa zimebaki 3, na ree na mfalme imeshuka kutoka njia 16 hadi 12. Lakini kufuata tu, ukiwa na blaindi ndogo na ree dhaifu ya aina mbili, ni kununua giza kwa bei ya mchana.

5. Ukiwa blaindi kubwa, piga bei kwanza. Hapa umeshalipa sehemu, kwa hiyo mara nyingine unaruhusiwa kufuata hata kwa mkono ambao usingeufungulia. Chukua mfano huu: blaindi ni 500 na 1,000, na wewe umelipa pia anti ya 1,000. Mgawaji anapandisha hadi 2,200, blaindi ndogo anatupa. Katikati kuna 4,700 na wewe unatakiwa uongeze 1,200. Ukifuata, kapu litakuwa 5,900, kwa hiyo unahitaji kushinda takriban mara moja katika tano tu. Ree na saba inafikia kiwango hicho dhidi ya mgawaji anayepandisha mikono ya kila aina, basi fuata. Angepandisha hadi 3,000, ungelazimika kushinda zaidi ya mara moja katika nne, na ree ndogo za aina mbili zingeanza kukosa uhalali.

Aliyepandisha akiwa wa viti vya mwanzo, bei haikupi ruhusa hata ikiwa nzuri. Mtu huyo mara nyingi ana jozi kubwa, ree na mfalme, ree na malkia au ree na ghulamu. Dhidi ya ree na mfalme, ree na saba hushinda takriban mara moja katika nne, na dhidi ya jozi ya nane ni karibu asilimia 30. Baya zaidi ni kwamba ile siku ree inapotoka kwenye flopu ndiyo siku utakayolipa zaidi.

6. Flopu ikija na ree, pisha kwanza, kisha lipa kidogokidogo. Hapa ndipo watu wanapoangamia, kwa hiyo tukae kidogo.

Ree itatoka kwenye flopu takriban mara 17 katika 100. Ikitoka, una jozi kubwa kuliko zote za mezani, na ni kweli kwamba mara nyingi uko mbele. Swali la kujiuliza ni nani atakayekulipa chipu nyingi wakati uko mbele. Mwenye jozi ya kumi atalipa mara moja, labda mbili. Mwenye mfalme na malkia hatalipa kitu. Atakayelipa hadi mwisho ni mwenye ree kubwa kuliko yako, jozi mbili, au tatu za namna moja. Kapu likiwa dogo unashinda wewe, kapu likiwa kubwa anashinda yeye. Kazi yako yote ni kulizuia kapu lisikue.

Nieleze lililotokea mkekani kwetu. Fundi baiskeli mmoja, kijana makini katika mambo mengine yote, alikuwa blaindi kubwa katika mfano uleule wa hatua ya 5, akiwa ameanza na chipu 26,000. Alishika ree ya shupaza na saba ya pau, akafuata, na flopu ikafunguka ree ya kopa, tisa ya pau na nne ya uru. Nilimwona akifuta kiganja kwenye paja la suruali, mara mbili, kama anayetaka kushika kitu chenye grisi. Akapisha vizuri. Mgawaji akaweka 2,000. Kijana akapandisha hadi 6,000.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinijibu, "Nilitaka kujua kama ana ree, Mjomba." Tazama alichonunua kwa 6,000 zile. Wote waliokuwa nyuma yake, wenye mfalme na malkia, wenye jozi ya sita, wenye karata ya kumi na ya nane za kubahatisha, wangetupa pale pale, na wasingemlipa tena hata kizibo kimoja. Waliokuwa mbele yake wasingetupa. Mgawaji alifuata, ikaja ghulamu ya shupaza, na kijana, kwa kuwa kapu limeshafika 17,900 naye amebakiwa na 16,800, akaona hakuna njia ya kurudi nyuma, akasukuma. Mgawaji alikuwa na ree na malkia. Karata ya tano ilikuwa mbili. Yule alipanga ree mbili, malkia, ghulamu na tisa, na kijana wetu ree mbili, ghulamu, tisa na saba yake. Malkia akaila saba.

Mkono uleule unachezwa hivi. Pisha. Anapoweka 2,000, fuata. Kapu linakuwa 9,900 na wewe unabaki na 20,800. Ghulamu inapokuja, pisha tena. Akipisha na yeye, vyema. Akiweka 6,500, ndipo ufikiri: ungelazimika kushinda takriban asilimia 28 ya mara hizo. Dhidi ya mtu mwenye pupa, anayependa kusukuma karata za mfuatano kama malkia na kumi, fuata mara moja zaidi, na akiweka nyingi kwenye karata ya tano uache. Dhidi ya mzee mtulivu asiyeweka dau la pili bila sababu, acha hapohapo. Umepoteza ulichoingiza kabla ya flopu na 2,000 juu yake, nawe bado una blaindi zaidi ya 20. Kijana wetu alienda kunywa kahawa.

Tahadhari: usianze wewe kuweka dau kwa hofu ya kunyimwa. Aliyepandisha kabla ya flopu huweka dau mara nyingi ree inapotoka, hata asipokuwa nayo, kwa sababu anataka wewe uamini kuwa anayo. Mwachie aseme uongo wake kwa chipu zake.

7. Mwenza akipata jozi, badilisha mtazamo. Wanaoanza hawalioni jambo hili. Umeshika ree na saba, na flopu ni saba, nne na mbili. Sasa jozi yako ni ya saba, na mwenza wake ni ree. Hakuna mwenye saba moja atakayekuzidi kwa mwenza. Majukumu yamebadilishana, na mkono uliokuwa na kasoro sasa hauna. Mimi binafsi naifurahia saba kwenye flopu ya namna hii kuliko ree. Hapa pisha, akiweka dau unaweza kupandisha, na ukiwa na blaindi 15 au pungufu usiogope zote kuingia. Cha kuangalia ni jozi kubwa za siri, nane na kuendelea, ambazo ni chache kuliko mikono mingine yote anayoweza kuwa nayo mtu aliyepandisha kutoka kiti cha mgawaji.

8. Flopu ikikukosa kabisa, acha mapema. Flopu kama mfalme, nane na tatu huku una ree na tano za aina mbili haina mjadala: pisha, akiweka dau, tupa. Flopu ndogo iliyotawanyika, kama nane, tatu na mbili za aina tofauti, inaruhusu kufuata dau dogo mara moja dhidi ya mgawaji mchangamfu, kwa kuwa ree tupu inaweza kuwa bora kuliko alicho nacho. Ukiwa na karata nne za aina moja pamoja na ree yake, kufuata kunaeleweka.

9. Mpinzani akipisha kwenye flopu yenye ree, weka dau wewe karata ya nne ikija. Mwenye ree nzuri kwa kawaida angeshaweka. Sasa kupisha kwake kumekupa habari ambayo kiti chako hakikukupa, kwa hiyo weka dau la theluthi hadi nusu ya kapu, upate malipo kutoka kwa jozi ndogo. Akikupandishia, tupa, wachache mno wanaopisha kisha kupandisha bila kitu.

10. Ukikaribia viti vya zawadi, kaza zaidi. Katika mashindano yenye zawadi kwa nafasi kadhaa, chipu unazopoteza karibu na mpaka huo zina thamani kubwa kuliko chipu kama hizo unazoongeza, kwa kuwa kutoka ni kutoka, na kuongeza mara mbili hakukupi zawadi mara mbili. Ree dhaifu ya kufuatia msukumo wa mwingine itupe, hasa anayesukuma akiwa na chipu nyingi kuliko zako. Ree dhaifu ya kusukuma wewe kwanza, kutoka blaindi ndogo, bado ina kazi yake, isipokuwa aliye kwenye blaindi kubwa ni yule asiyetupa karata.

Ukikwama

*Unajikuta unalipa hadi karata ya tano kila mara.* Fungua daftari uandike, kwa kila mkono wa ree dhaifu uliopoteza, kapu lilikuwa kubwa kiasi gani na ni nani aliyelikuza. Ukiona ni wewe uliyepandisha kwenye flopu, rudi hatua ya 6. Ukiona ni mpinzani aliyeweka madau matatu mfululizo nawe ukafuata yote matatu, jiwekee sharti la madau mawili kwa mwezi mzima.

*Umekaza sana na blaindi zinakumaliza.* Huenda unatupa hata pale unapotakiwa kusukuma. Aliye na blaindi 9 kwenye blaindi ndogo, na wote wameshatupa, akaitupa ree na nne, amefanya kosa kama la yule aliyeilipia hadi mwisho, ingawa kosa lake halionekani. Chipu zinazokuja taratibu na kuondoka taratibu kwa blaindi ni kama wasemavyo watu wa hapa: waja leo waondoka leo.

*Watu wawili au watatu wamefuata kabla yako na uko blaindi kubwa.* Bei itakuwa nzuri mno, kwa hiyo fuata, lakini punguza matumaini. Ree ikitoka huku mkiwa wanne, ree yako na sita si ya kulipia zaidi ya dau moja, na dau hilo likifuatwa na mtu mwingine kabla ya zamu yako, tupa.

*Hujui kama mwenza wako anahesabiwa.* Ugomvi huu hutokea kila wiki. Mkono wa poka ni karata tano tu, bora kuliko zote saba unazoweza kuzitumia. Mwenye jozi anaongeza karata tatu kubwa zilizobaki, basi. Kama karata za wazi ni ree, mfalme, malkia, tisa na nne, mwenye ree na saba ana ree mbili, mfalme, malkia na tisa. Mwenye ree na nane ana zilezile tano. Saba na nane zote zimekosa nafasi, na kapu linagawanywa sawasawa. Lakini kama za wazi ni ree, ghulamu, tisa, nne na mbili, karata ya tano ya kila mmoja ni mwenza wake, na nane inaishinda saba. Zipangeni karata tano za kila mtu kwenye mkeka, moja chini ya nyingine, kabla ya yeyote kunyoosha mkono kuelekea katikati.

Mkigawana na kizibo kimoja kikabaki kisichogawanyika, hupewa aliye wa kwanza kushoto kwa mgawaji kati ya wenye haki, yaani yule aliyekuwa akitangulia kusema tangu flopu. Kwetu kizibo hicho ni cha 100, na bado wapo wanaokidai kwa sauti.